Mvua Haina Kosa

Katika vitabu vingi vya kigeni unavyovisoma, msomaji kijana, mwaka hugawanywa kwa joto na baridi. Majira ya joto watu huota jua ufukoni, na majira ya baridi theluji hufunika mapaa. Lakini katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, mwaka hupimwa kwa mvua. Masika huanza Machi yakafika Mei, na mvua nyingine huanza Septemba ikafika Novemba. Hata katika miezi tuiitayo ya kiangazi, asubuhi yenye jua kali huweza kuisha kwa radi na mvua ya mawe alasiri. Mchana hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria ikaelekea nchi kavu, ikapanda vilima, ikapoa, ikageuka kuwa mawingu mazito. Mji wa Kisii, ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupata zaidi ya milimeta 1,500 za mvua kwa mwaka. London, mji unaosifiwa duniani kote kwa mvua, hupata kiasi cha milimeta 600 tu.

Mvua hii ni neema. Ndiyo mama wa ndizi zetu, chai yetu na kahawa yetu. Walakini siku hizi ikinyesha saa moja tu, barabara hugeuka mto, maduka hujaa tope, na mama auzaye mboga sokoni huona mtaji wake ukielea. Hapo husikika kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba mafuriko ni ya watu wa tambarare, kwa hiyo yaliyotokea mlimani ni bahati mbaya ya siku moja. Ya pili husema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, wala binadamu hana la kufanya. Nakusudia kuzikanusha kauli hizi zote mbili, kwa kuwa zinatufariji leo na kutuangamiza kesho.

Tuianze ile ya kwanza. Ni kweli kwamba Kano na Budalang'i hukaa na maji kwa majuma mengi, na sisi hatukai nayo hivyo. Lakini maji ya mlimani yana hatari yake. Hayana haja ya kukaa: hupita kwa kasi, na katika muda wa chakula cha mchana huweza kubeba ukuta, kivuko na mtoto arudiye kutoka shule. Tena utazame mji wa Kisii ulivyokaa. Vilima vimeuzunguka, Nyanchwa kikiwa kimojawapo, na kijito cha Nyakomisaro hupita katikati ya majumba yake. Majina ya mahali ni mashahidi wasiohongeka. Tuna Daraja Moja, tuna na Daraja Mbili penye soko kubwa. Je, nani hujenga daraja mahali pasipo maji? Waliotangulia walituachia onyo katika majina yenyewe, nasi twayatamka kila siku bila kuyasikia.

Sasa kauli ya pili. Chukua kalamu, tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Milimeta moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la bati la mita kumi kwa tano ina mita 50 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimeta 40, paa hilo moja humwaga lita 2,000. Nyumba elfu moja za namna hiyo humwaga lita 2,000,000, nazo zote huteremka karibu kwa wakati mmoja. Zamani mahali pa paa hilo palikuwa na nyasi na udongo, na sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Leo pana bati, saruji na lami, na penye mtaro pana chupa za plastiki na maganda ya ndizi. Mungu ameleta mvua. Nani aliyeziba mtaro?

Wazee wetu hawakuwa na vyuo vya uhandisi, lakini walikuwa na macho. Walijenga migongoni mwa vilima, na mabonde yenye majimaji wakayaachia ng'ombe, mafunjo na ndege. Bonde la namna hiyo ni kama sifongo: hunywa maji ya masika, kisha huyatoa polepole wakati wa jua, ndiyo maana chemchemi haikukauka. Sisi tumelichimbia mifereji sifongo hilo tukalikausha. Hapa tumepanda mikaratusi, pale tumechimba udongo wa matofali, na karibu na mji tumesimamisha ghorofa. Maji yaliyokuwa yakilala bondeni sasa hayana kitanda, basi huja kulala dukani.

Wala hatuwezi kudai kwamba hatukuonywa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yakataza kujenga, kuchimba au kukausha ndani ya mto na bonde la majimaji bila idhini. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya vyanzo vya maji. Basi zunguka kijijini kwako ukaone mwenyewe ni miti mingapi ya namna hiyo imesimama mtoni hata sasa. Sheria isiyo na mtu wa kuitii ni karatasi, na karatasi haizuii maji.

Najua utakavyonijibu, na jibu lako lina haki ya kusikilizwa. Utasema ardhi ni ndogo. Ni kweli: hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 katika kila kilometa ya mraba ya Kaunti ya Kisii. Baba mwenye robo ya ekari na watoto sita hawezi kuambiwa aache bonde bila kuambiwa atakula nini. Mimi simlaumu huyo kwanza. Namlaumu kwanza mwenye fedha ajengaye ghorofa juu ya kijito huku ana pengine pa kujenga, na yule mwenye mhuri aliyemruhusu. Lakini hata kwa mwenye robo ekari, bonde lililokaushwa humlipa miaka michache tu, kisha chemchemi hukauka na udongo wa mteremko huenda na maji. Umaskini ni sababu ya kumsaidia mtu, si sababu ya kumwacha ajichimbie shimo.

Utasema pia kwamba hali ya hewa ya dunia imebadilika, na kwamba waliochafua anga zaidi ni mataifa yenye viwanda vingi. Hilo nalo ni kweli. Hewa yenye joto zaidi hubeba maji mengi zaidi, na masika ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Tuyadai mataifa hayo haki yetu. Lakini ajuaye kwamba mgeni mkali anakuja hulala akibomoa mlango wake? Ikiwa mvua itazidi nguvu, ndiyo sababu mtaro uzibuliwe leo wala si kesho.

Tena mzigo huu hatuubebi peke yetu. Mto Gucha huzaliwa katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hupita Kisii, na ukifika Migori huitwa Kuja. Huko chini, Nyatike, karibu na ziwa, huingia katika mashamba na nyumba za watu. Maji tuliyoyakataza kupumzika kwetu huenda kuwaamsha jirani zetu usiku wa manane. Udongo mwekundu waufagiao nyumbani mwao umetoka katika mashamba yetu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini wao hawakujichoma.

Basi, kijana, sikuombi ulie. Nakuomba ufanye kazi. Waombe walimu wako mlizamu na tangi katika kila paa la shule, ili maji ya alasiri yawe maji ya kunywea badala ya kubomoa barabara. Nyumbani, chimba makinga maji ukiukata mteremko, na kingoni mwake panda majani ya nepia, nawe utapata chakula cha ng'ombe pamoja na udongo wako. Ukingo wa mto uache na nyasi na miti ya asili. Na miaka ikipita, mmoja wenu atakuwa mpima ardhi, mwingine diwani, mwingine mhandisi. Siku moja mtu ataingia ofisini mwako akiwa na ramani ya jengo juu ya kijito, na bahasha chini ya ramani. Siku hiyo kumbuka hesabu ya paa la bati, umrudishie ramani yake na bahasha yake, kisha umwonyeshe mlango.