Kipya Kinyemi, Kingawa Kidonda: Gari la Bei Kubwa na Mkazi wa Lucky Summer

Methali isemayo kipya kinyemi kingawa kidonda aghalabu hufundishwa madarasani kama sifa ya vitu vipya. Kwa hakika ni kejeli. Kidonda nacho, siku ya kwanza, hutazamwa, huulizwa hali na kupewa pole. Uchungu wake huja usiku, wageni wakishaondoka. Yamkini hakuna mahali ambapo kejeli hiyo inafaa zaidi leo kuliko katika uamuzi wa kununua gari la bei kubwa, hasa katika mtaa kama Lucky Summer jijini Nairobi, ambako uamuzi huo hufanywa na watu wasiokuwa na fedha za kukosea.

Lucky Summer umo katika eneo bunge la Ruaraka, jirani ya Baba Dogo na Korogocho. Si mtaa wa mabanda wala si mtaa wa kifahari. Ni majumba ya ghorofa ya kupangisha yaliyosongamana, maduka yakiwa chini na makazi juu, na wakazi wenye mishahara ya wastani au biashara ndogondogo ambao wengi wao huenda kazini kwa matatu. Hapa gari huonekana. Katika mitaa yenye lango na ua mrefu gari hujificha nyuma ya ukuta. Lucky Summer hulala chini ya madirisha ya wapangaji, na kulipopambazuka jirani anajua lilirudi saa ngapi, limekwaruzwa wapi, na kama mwenyewe siku hizi analiacha na kupanda matatu kwa kukosa mafuta. Anayenunua gari katika mazingira hayo hanunui chombo cha usafiri peke yake. Ananunua pia maoni ya watu, na maoni hayo ndiyo sehemu ya bei isiyoandikwa popote.

Neno lenyewe "jipya" lahitaji kuchunguzwa kwanza, maana limebeba udanganyifu usio na mdanganyifu. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ya magari yanayopewa namba za Kenya ni ya aina hii, mengi yakitoka Japani. Gari lililoendeshwa huko kwa miaka saba likishushwa bandarini Mombasa hupewa namba, na kuanzia siku hiyo huitwa jipya. Umri wake hausomwi kwenye injini bali kwenye herufi. Namba za KC zilianza kutolewa mwaka 2015 na za KD mwaka 2020. Basi gari lililoundwa mwaka 2014 na kusajiliwa nchini kwa KD hutazamwa kwa heshima kuliko ndugu yake wa KC, hata kama yalitoka kiwanda kimoja wiki moja. Upya wa namna hii ni suala la semantiki kuliko uhandisi. Lakini ni semantiki inayolipiwa kwa shilingi.

Malipo yenyewe ni makubwa kuliko wanavyokisia wengi wanaozuru yadi za magari za Barabara ya Ngong. Tuseme Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) imelipa gari la petroli, lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, thamani ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha, uliopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, ni shilingi 350,000. Juu ya jumla hiyo huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, yaani shilingi 270,000, na juu ya jumla mpya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, yaani shilingi 259,200. Ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na ada ya reli ya asilimia 2 huongeza 45,000. Gari la milioni moja limekwisha kuwa la shilingi 1,924,200, kabla ya gharama za bandari na kabla ya muuzaji hajatia faida yake. Mnunuzi anadhani amenunua gari moja. Amelipia karibu mawili, na la pili limebaki katika hazina ya serikali. Zaidi ya hayo, kadiri gari lilivyo changa ndivyo thamani inayotozwa kodi inavyokuwa kubwa, kwa kuwa mamlaka hupunguza thamani kwa kuzingatia umri. Kwa hiyo anayeutaka upya wa kweli huadhibiwa mara mbili, na ndiyo sababu wanunuzi wengi huyakimbilia magari yaliyokaribia kabisa ukomo wa miaka minane.

Hayo ni ya mwenye fedha taslimu. Mkazi wa kawaida wa Lucky Summer hana. Tuseme ni mwalimu wa shule ya upili ambaye mkewe ni muuguzi, nao wamekopa shilingi milioni 2 ili waziongezee akiba yao. Iwapo riba ni asilimia 16 kwa mwaka na mkopo ni wa miezi 48, watalipa takriban shilingi 56,700 kila mwezi, na mwishoni watakuwa wamerudisha kiasi cha shilingi milioni 2.72. Riba peke yake ni zaidi ya laki saba. Katika muda huohuo mkopeshaji hushika logibuku na kudai bima ya kina, ambayo ni ghali mno kuliko ile ya kumlinda mtu wa tatu inayolazimishwa na sheria. Halafu kuna petroli. Bei yake hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya EPRA, na mnamo Oktoba 2023 lita moja jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36. Mwaka uliofuata ada ya kukarabati barabara iliyomo katika bei hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka huohuo wa 2024, Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa, kisha mswada wote ukarudishwa bila kutiwa saini baada ya maandamano ya Juni. Mwenye gari aliponea chupuchupu; hakuahidiwa kwamba wazo halitarudi.

Hata hivyo, haifai kuwadhihaki wanaolitamani gari. Baadhi ya wahakiki wa maisha ya mjini, ambao wao wenyewe huendesha, huandika juu ya tamaa ya magari kana kwamba matatu ni kiti cha enzi. Mwanamke anayetoka nyumbani kabla ya alfajiri ili awahi zamu hospitalini haoni matatu hivyo. Mtoto akishikwa na homa kali saa nane za usiku, mzazi asiye na gari hutegemea jirani au teksi ambayo huenda ikakataa kuingia mtaani saa hizo. Mzee mwenye miguu mibovu hawezi kuruka kutoka kwenye gari ambalo halisimami sawasawa. Mvua ikinyesha, nauli hupanda ilhali mshahara haupandi. Hizi ni haja za kweli, na anayesema gari ni anasa tupu anazungumza kutoka mahali ambapo haja hizo zimekwisha kutimizwa.

Na watetezi wa gari jipya wana methali yao pia: rahisi ghali. Gari kuukuu, husema, litakula kwa fundi kile ulichookoa dukani. Hoja hii ina uzito wake. Aliyewahi kuzunguka Kirinyaga Road akitafuta kipuri, akauziwa kilichotumika kwa bei ya kipya, haitaji kuelezwa. Lakini hoja hiyo hulinganisha gari jipya na gari bovu, wala si gari jipya na gari kuukuu zima. Toyota ndogo ya miaka kumi na mitano iliyotunzwa, ambayo fundi wa Kariobangi anaijua kama kiganja chake na ambayo vipuri vyake vimejaa kila kona, humpeleka mtoto hospitalini saa nane za usiku kwa muda uleule wa gari jipya. Homa haisomi herufi za namba. Haja ikishatimizwa na gari la laki tano, milioni mbili na nusu zinazobaki zinanunua kitu kingine, na ni haki kitu hicho kiulizwe jina lake.

Jina lake ni heshima, na lugha yenyewe imehifadhi historia yake. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliwaita wakubwa wapya Wabenzi, kwa magari yao ya Mercedes-Benz. Mofolojia ya neno hilo ina ukali uliofichika: kiambishi wa- kilekile cha Wadigo na Wakamba kimewafanya wenye magari kabila, kana kwamba ukoo wao ni gari. Watanzania nao waliyaita magari makubwa ya viongozi mashangingi, neno ambalo kwanza lilimtaja mwanamke mzoefu wa anasa. Mzungumzaji wa Kiswahili, basi, alilihukumu gari la fahari mapema. Hukumu hiyo haikumzuia kulitaka.

Wala viongozi hawakuonyesha mfano mwingine. Serikali iliyoingia madarakani Kenya mwishoni mwa 2002 kwa ahadi ya kubana matumizi ilitumia si chini ya shilingi milioni 878 kununulia magari ya kifahari kati ya Januari 2003 na Septemba 2004, kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka 2006 na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na tawi la Kenya la Transparency International. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri warudishe magari makubwa na kutumia Volkswagen Passat zenye injini isiyozidi 1,800. Baadhi yao walinung'unika waziwazi. Ikiwa waziri mwenye dereva, walinzi na mshahara wa umma huona amevuliwa nguo akipewa Passat, mwalimu wa Lucky Summer atajifunza wapi kwamba gari dogo halimpunguzii mtu utu? (Cha ajabu ni kwamba Rais Moi, ambaye hakusifika kwa ubahili, alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya mwaka 1986 alilikubali hata likiwa baya la sura na zito la mwendo. Nyayo Pioneer ilizinduliwa mwaka 1990 na haikuwahi kuingia sokoni.)

Kuna wanaosema kwamba kosa huondoka gari likitiwa kazini. Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015, vijana wengi wa mitaa ya Eastlands walikopa na kununua magari kwa hesabu iliyoonekana timamu: gari litajilipa. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilipunguza nauli, na madereva wakagoma. Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na upande mmoja uliokuwa mikononi mwa wengine. Nauli hupunguzwa na mwenye programu, petroli hupandishwa na serikali, lakini mkopo haupunguzwi na yeyote, na anayekosa malipo ya miezi michache huliona gari likivutwa na madalali mbele ya madirisha yaleyale yaliyolishangilia lilipokuja. Gari la kazi lina hoja nzuri kuliko la fahari, ila hoja hiyo haimhitaji mtu kununua upya. Abiria hulipia safari, hailipii namba.

Kwa wanandoa wale wa mfano, mwalimu na muuguzi, lipo jaribio lisilogharimu kitu. Kabla hawajatia saini popote, waweke kando shilingi 56,700 kila mwezi kana kwamba mkopo umekwisha kuanza, na waongeze juu yake fedha za petroli na za bima. Wakishindwa mwezi wa tatu, karo ya mtoto ikiwa imedai zaidi, watakuwa wamegundua bila logibuku yao kuwa mikononi mwa mtu. Wakifaulu mwaka mzima, watakuwa na shilingi 680,400 kwa malipo ya mkopo pekee. Kiasi hicho kinatosha kununua taslimu gari dogo lililokwisha kutumika nchini, lenye namba za KB au KC, na kubakiza kidogo cha fundi. Litalala chini ya madirisha yaleyale, na huenda kwa wiki ya kwanza mtu asilitazame.