Nimeutazama Mchezo wa Simba: Fisi Ameonewa

Ndugu zangu wasomaji, mimi si bingwa wa michezo ya kuigiza. Kwetu ni kisiwani Rukuba, katika Ziwa Victoria, mtu avukaye kutoka Musoma, na kazi iliyonilea mimi na wanangu ni samaki. Maishani mwangu nimekaa mbele ya jukwaa mara tatu tu. Mara ya kwanza ni shuleni, tulipopangwa mstari tukasema ngonjera. Mara ya pili ni Mwanza, nilipokwenda kununua nyuzi za nyavu nikakuta kikundi cha maigizo na sarakasi. Mara ya tatu ni mwaka jana, London. Basi atakayeniuliza cheti changu cha kusema haya hatakiona. Nilikaa, nikatazama mpaka mwisho, na macho ninayo.

Binti wa marehemu kaka yangu ni muuguzi huko London. Nilipokwenda kumtembelea aliniambia, "Baba mdogo, hutarudi Rukuba bila kuuona mchezo wa simba." Nikacheka sana. Mtu atoke Mara, mkoa ambao Serengeti iko mlangoni pake, apande ndege mpaka Uingereza ili akaonyeshwe simba! Walakini sikutaka kumvunja moyo. Tulikwenda watatu, mimi, yeye, na mwanawe wa miaka saba, mjukuu wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kudokoa tu. Bei ya tikiti sitaitaja. Nilipoambiwa niliihesabu kwa debe za dagaa, nikanyamaza.

Mchezo wenyewe waitwa The Lion King, yaani Mfalme Simba. Ulianza kama sinema ya kampuni ya Disney ya Marekani mwaka 1994, kisha mwaka 1997 ukafanywa mchezo wa jukwaani, wa kuimba na kucheza, kwanza katika mji wa Minneapolis, halafu New York. London uliingia mwaka 1999 katika jumba la Lyceum, nao ungali humo mpaka leo. Mwaka 2007 ulichezwa pia Johannesburg. Nyimbo nyingi ni za Waingereza wawili, Elton John na Tim Rice, lakini sauti zile za kikwetu zinazokusimamisha nywele ni kazi ya Lebo M, mwana wa Soweto aliyeondoka kwao mwaka 1979, wakati wa makaburu. Aliyeuongoza ni mwanamke, Julie Taymor, na mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Tony kwa kuongoza mchezo wa nyimbo.

Sasa nataka nitoe sifa kwanza, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mchezo ni mzuri. Ni mzuri kupita nilivyodhani. Taa zilipozimwa mwanamke mmoja alipaza sauti kwa Kizulu, na mimi nisiyejua Kizulu nikajikuta nimeshika kiti. Jua likapanda, nalo si jua, ni vipande vya kitambaa chepesi vikiinuliwa polepole. Kisha wanyama wakaingia, tena si kwa jukwaani tu, bali kwa nyuma yetu, wakipita katikati ya watu. Tembo akapita karibu nami nikavuta miguu! Twiga ni watu wanaotembea juu ya miti, mikononi na miguuni, kwa madaha yale yale ya twiga. Simba wamevaa sura za bandia juu ya vichwa, uso wa mtu ukibaki wazi chini yake, hata wamwona mnyama na binadamu kwa mara moja, wala hakuna anayefichwa.

Ukame ulinishinda kabisa. Palikuwa na kidimbwi jukwaani, nacho ni kitambaa cha buluu tu, kikaanza kuvutwa katikati, kikapungua, kikapungua, kikamezwa na tundu, pakabaki pakavu. Mimi nimeona ziwa letu likirudi nyuma mpaka mitumbwi ikalala juu ya matope, nami nawaambia ndivyo maji yanavyoondoka, bila kelele. Na simba jike walipomlilia mfalme wao walivuta utepe mweupe kutoka machoni, mrefu, ndio machozi yao. Jumba la watu zaidi ya elfu mbili lilinyamaza kimya. Watoto wetu wa Mara wanaweza kufanya kazi kama hiyo kwa vitenge na mianzi, haitaki mashine kubwa.

Hadithi ni fupi. Mufasa ni mfalme wa simba, mwanawe ni Simba. Ndugu wa mfalme, Scar, anataka kiti. Anamuua kaka yake katika mbio za nyumbu, kisha anamdanganya mtoto kwamba ni yeye aliyesababisha kifo cha baba. Mtoto anakimbia, analelewa na ngiri na nguchiro, akikua anarudi, anamshinda baba yake mdogo, mvua inanyesha, nchi inastawi. Waliosoma watasema hii ni Hamlet ya Shakespeare iliyovikwa ngozi ya simba, na ni kweli.

Lakini katikati ya hadithi wamo fisi, na hapo ndipo kalamu yangu ilipotoka mfukoni.

Fisi wanakaa nje ya mpaka, katika makaburi ya tembo, penye mifupa na giza. Ufalme wa simba ni kote jua linakofika; kivulini ni kwa fisi. Wana njaa. Jambo hili mchezo wenyewe unalisema wazi, nao unataka tucheke. Scar anapowatafuta wamsaidie kuua, bei anayowaahidi si dhahabu wala vyeo. Anawaahidi kwamba hawatalala njaa tena. Basi wanaingia nchini, na mara wanapoingia, malisho yanakauka na mvua inakatika. Wanapoondolewa, mvua inarudi. Msomaji, tafakari kidogo. Mwuaji ni simba, mwana wa mfalme, mwenye damu ya kifalme. Lakini nchi inaharibika kwa sababu wenye njaa wamevuka mpaka!

Na kiongozi wa fisi hao, jike lao kubwa, anaitwa nani? Anaitwa Shenzi.

Majina mengine waliyatwaa kwetu kwa upole. Mfalme kijana ni Simba. Mganga mwenye hekima ni Rafiki. Mama wa Simba ni Sarabi, neno zuri la mazigazi, maji yale ya uongo yaonekanayo jangwani. Aliye katika giza, mwenye njaa, asiye na ardhi, ndiye akapewa tusi. Sisemi waliotunga walikaa wakapanga kututukana. Huenda walifungua kamusi tu. Lakini mjukuu wangu hakufungua kamusi. Alicheka kila fisi walipoingia, na tulipotoka nje akanishika mkono akauliza, "Babu, shenzi maana yake nini?"

Nilisimama. Watu wakatupita.

Nilikuwa na umri kama wake, mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Baba yangu alikuwa akilima pamba ng'ambo, bara, na siku ya kuuza alinichukua. Mzigo wake ulipowekwa mizanini aliomba kuiona namba kwa macho yake. Aliomba tu, kwa adabu, kofia mkononi. Yule aliyekuwa akipima akamwambia, "Toka hapa, shenzi." Baba akatoka. Nilikuwa nimeshika upindo wa shati lake, na nilihisi mwili wake ukitetemeka. Njiani kurudi hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Neno hilo lina safari yake. Watu wa pwani walituita hivyo sisi wa bara, kwa kuwa hatukuvaa kama wao wala kusali kama wao. Wakoloni wakaliokota wakaliingiza hata katika Kiingereza chao cha hapa Afrika Mashariki, kwa mbwa wasio na ukoo na kwa watu vile vile. Maana yake siku zote ni moja: wewe ni wa nje ya mpaka, ukikosa ni asili yako, na ukiomba haki umezidi kiburi. Ndiyo maana sikuweza kumjibu mtoto kwa neno moja pale njiani.

Nataka niseme na habari ya fisi mwenyewe, maana hapa kuna jambo la kuchekesha. Miaka ya 1960 mtaalamu mmoja Mholanzi, Hans Kruuk, alikaa Serengeti na Ngorongoro akiwafuata fisi usiku kucha, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake. Aligundua kwamba fisi ni mwindaji hodari, na kwamba sehemu kubwa ya nyama yake huiua mwenyewe. Tena kule Ngorongoro aliona mara nyingi ya kwamba fisi wameua, simba wakaja wakawafukuza na kula. Asubuhi mtalii anafika, anaona simba anakula na fisi wamezunguka wakingoja, basi anasema, "Tazama fisi wezi!" Kumbe mwenye mali ndiye anayengoja mifupa.

Sisi wa ziwani habari hiyo hatuhitaji kuielezwa mara mbili. Viwanda vya minofu vilipoenea kando ya ziwa katika miaka ya 1990, mnofu wa sangara ulipanda ndege kwenda Ulaya, na aliyemvua akanunua mapanki, kichwa na mgongo, ayakaange ale na watoto. Wageni wakaja wakapiga picha za watu wanaokula mapanki, wakahuzunika sana. Mtu hakuzaliwa akipenda mifupa.

Wako watakaonijibu kwamba hii ni hadithi ya watoto, na kwamba hata bibi zetu walimcheka fisi. Kweli, walimcheka, na mimi nilicheka. Fisi wa bibi ni mlafi, hufuata njia mbili hata akapasuka msamba. Lakini huangushwa na tamaa yake mwenyewe, na kesho jioni yumo tena katika hadithi nyingine, ni jirani wa sungura, ana mke, ana shamba. Bibi hakupata kutuambia kwamba mvua imekatika kwa sababu fisi wameingia kijijini, wala kwamba dawa ya ukame ni kuwafukuza wenye njaa.

Na huyo mfalme. Katika mchezo, nchi yote hungoja mtu mmoja wa damu fulani arudi, ndipo majani yaote. Wanyama wengine wote, nyumbu, pundamilia, twiga, kazi yao ni kupiga magoti mtoto anapozaliwa, ijapokuwa mtoto huyo akikua atawala. Sisi hapa tuna mfano mwingine, tena wa nyumba ya jirani. Mwalimu Nyerere wa Butiama alikuwa mtoto wa mtemi, Mtemi Burito wa Wazanaki. Angetaka, angeweza kusimama juu ya jiwe na kunguruma. Lakini ni chini ya serikali yake, mwaka 1963, madaraka ya machifu yalipoondolewa katika Tanganyika, na mvua ikaendelea kunyesha kwa majira yake. Mwaka huo huo akatoa tafsiri yake ya Shakespeare kwa Kiswahili. Naye hakumchagua Hamlet, mwana wa mfalme anayelilia kiti cha baba. Alimchagua Julius Caezar, mchezo ambao watu wanabishana kama mtu mmoja apewe ukubwa wote. Sijui kama alilipanga hivyo, lakini mimi napenda kulifikiri.

Juu ya wimbo wa Hakuna Matata nitasema kidogo, maana wengi wameshasema. Maneno hayo yalivuma duniani tangu mwaka 1982, katika wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa. Disney wakayaandikisha kule Marekani kama alama yao ya kuuzia nguo, mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi wakatia sahihi kupinga. Nguo ziliuzwa mlangoni pale pale Lyceum. Mjukuu alitaka fulana, nikamwambia maneno hayo nitampa bure nyumbani.

Nyumbani ndipo nilipomjibu na swali lake. Nilimweleza habari ya babu yake mkubwa, ya mizani na kofia mkononi. Alisikiliza, kisha akasema kwa Kiingereza, mama yake akanitafsiria, kwamba basi fisi yule apewe jina lingine. Nikamwambia achague. Bado anachagua.

Niliporudi Rukuba niliwasimulia vijana mwaloni walipokuwa wakishona nyavu. Niliwaonyesha jinsi twiga anavyotembea, nikaanguka mchangani, wakacheka sana. Niliwaeleza kidimbwi kile, wakatikisa vichwa. Nikawafikisha kwenye makaburi ya tembo na fisi wenye njaa. Hapo kijana mmoja, mpasua dagaa asiyezungumza sana, aliinua kichwa akauliza: "Mzee, kabla ya kupewa makaburi, hao fisi walikuwa wanakaa wapi?"

Nikakumbuka mchezo wote, mwanzo mpaka mwisho, saa mbili na nusu. Hawakusema.