Sungura habebwi kwa masikio

Kuna picha ambayo sisi wafugaji wa sungura tunaipenda mno. Mtu amesimama mbele ya banda lake, anatabasamu, na mkononi amemning'iniza sungura kwa masikio. Utaikuta kwenye simu, utaikuta kwenye matangazo ya wauzaji. Mimi nafuga Kihonda, hapa Morogoro, na kila nikiiona natamani kumuuliza huyo anayetabasamu: siku mnyama wako akiumia, utamkaguaje, naye ameshajua kwamba mkono wako ni maumivu?

Masikio ya sungura si mpini. Yamejaa mishipa ya damu, ndiyo anayopoozea mwili wakati wa joto, na hayakuumbwa kubeba kilo tatu au nne. Lakini balaa lenyewe liko huku chini. Mifupa yake ni myepesi mno, kama asilimia 8 tu ya uzito wake, ilhali misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kubwa. Akining'inia bila kushikiliwa makalio hurusha mateke, na teke lake mwenyewe linaweza kumvunja uti wa mgongo karibu na kiuno. Mbwa wa jirani anasingiziwa mengi. Ukiona sungura anaburuta miguu ya nyuma, kabla hujaenda kugombana na jirani, uliza kwanza nani alimbeba mara ya mwisho.

Watu hunijibu, "Lakini mama, ukimshika hivyo anatulia." Wengine humlaza chali, akaganda, wakasema amesinzia. Hajasinzia. Huyu ni mnyama anayewindwa na mwewe, paka, nyoka na sisi. Akiona hana pa kukimbilia, huganda. Huo ni woga, na mwenye woga kiasi hicho hakuonyeshi panapouma.

Jioni moja mjukuu wa jirani yangu aliniletea jike lake jeupe ndani ya ndoo. "Shikamoo bibi. Sungura wangu anakula kidogo tu, na nikimgusa ananiparura." Nikamwambia afunge mlango, aiweke ndoo chini, tukae sakafuni. Mezani sungura akiruka anaweza kuvunjika; sakafuni hana pa kuanguka. Tukailaza ndoo, akatoka mwenyewe, tukamtazama bila kumgusa. Hapo ndipo watu wengi hukosa subira, na hapo ndipo nusu ya kazi ilipo. Je, amejikunja? Anasaga meno kwa mkwaruzo unaosikika? Anakanyaga miguu yote? Yule jike alikuwa akihamisha uzito, mara mguu huu, mara ule.

Mkono wangu ulimwendea kwa ubavuni, kwa sababu kinachomshukia sungura kutoka juu ni mwewe. Nikamfunika khanga kuukuu, nikamviringisha, kichwa kikabaki nje na pua wazi kabisa, maana sungura hupumulia puani. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umebeba makalio, ubavu wake umeegemea tumbo langu. Halafu nikafunua mahali pamoja pamoja: mguu mmoja unatoka, unatazamwa, unarudi ndani. Chini ya nyayo za nyuma manyoya yalikuwa yamekatika, ngozi nyekundu, upande mmoja umechubuka. Banda lake lilikuwa na sakafu ya waya tupu. Sungura hana nyama laini chini ya wayo aliyo nayo paka. Ana manyoya tu, na waya huyamaliza. Usiku uleule mtoto alitandika ubao na nyasi kavu.

Ukaguzi wote ni wa dakika chache. Akianza kuhema kwa mdomo wazi, mwache mara moja; hiyo ni dalili ya hatari, ni wa daktari. Ukiona mfupa umevunjika, funza kwenye kidonda, au hajala tangu jana, acha kupapasa. Mweke kwenye boksi lenye nyasi umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Tumbo la sungura likiacha kufanya kazi, yeye hufa upesi kuliko kwa kidonda chenyewe. Na tafadhali, vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwenye kabati visimkaribie. Akinyweshwa, vijidudu vyema vya tumboni hufa, vibaya vikatawala, na unaweza kumzika ukidhani kidonda ndicho kilichomuua.

Maafisa ugani wanatufundisha chakula, uzazi na soko, na nashukuru. Namna ya kushika huachwa kana kwamba kila mtu amezaliwa anaijua. Mimi ningeianza siku ya kwanza, kabla ya hesabu za faida. Na wewe unayetaka kumnunulia mtoto sungura likizo hii, usitoe hela haraka. Mwambie muuzaji amtoe bandani mbele yako. Akimvuta kwa masikio, ondoka. Wafugaji tuko wengi.