Kompyuta ya Kwantamu Haimpimi Mgonjwa

Neno "kwantamu" limeingia katika tiba kwa njia ya uchochoroni. Wapo wauzaji wanaompa mgonjwa kijiti cha chuma akishike, kisha baada ya dakika chache wanamsomea hali ya ini, figo na moyo, eti kwa mashine ya kwantamu. Mgonjwa hulipa, hununua virutubisho papo hapo, na pengine huacha dawa zake za kisukari au za shinikizo la damu.

Kompyuta ya kwantamu ya kweli ina shughuli nyingine kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyotumia ayoni za kalsiamu, zilizoshikiliwa ndani ya ombwe kwa nguvu za umeme na kuongozwa kwa leza, kuiga namna ombwe lililovurugwa linavyozaa jozi za elektroni na positroni. Ayoni zenyewe zilikuwa 4 tu, na hesabu hiyo hata kompyuta ya kawaida ingeiweza.

Kwa nini basi kujisumbua? Mfumo uliotulia hukadirika kwa takwimu. Ukivurugika, mithili ya mwili unaopoteza damu, hali hubadilika kila lahadha. Hesabu chanya na hasi hufutana, na makadirio yale hayashiki tena. Kuufuatilia kikamilifu, ayoni 10 za namna ile huhitaji namba 1,024. Ayoni 30 huhitaji zaidi ya bilioni 1. Ayoni 50, zaidi ya trilioni 1,000. Ndiyo maana Richard Feynman, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipendekeza maumbile yaigwe kwa mashine inayotii kanuni zilezile za kwantamu.

Positroni, kwa hakika, si ngeni hospitalini. Katika kipimo cha PET hutoka kwenye dawa yenye mnururisho, kama ile ya florini-18. Ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miali miwili ya gama. Innsbruck waliiga kinyume cha tukio hilo. Hawakudai kumtibu yeyote, na maarifa hayo yanastahili kufadhiliwa bila kisingizio cha tiba.

Mgonjwa akifika kliniki na karatasi ya "vipimo vya kwantamu", mhudumu asimcheke. Amwulize kwanza ni dawa gani ameacha na tangu lini, kisha ampime sukari na shinikizo la damu siku hiyohiyo.