Mama mjamzito aliyelazwa anahitaji pia mtu wa kumsikiliza

Maoni ya mhudumu wa afya wa kujitolea, Kyangwali



Mwaka jana dada mmoja wa kijiji chetu alilazwa hospitali ya rufaa akiwa na mimba ya miezi saba. Presha ilikuwa juu, miguu imevimba, kichwa kinamuuma. Dawa alipewa na presha alipimwa. Siku ya tano alifunga kitenge chake, akatoka bila kuaga mtu, akarudi kambini.

Nilimkuta nyumbani anaosha vyombo. Nikamgombeza: "Dada, hujui presha hii inaleta kifafa cha mimba? Unataka kufa na mtoto?" Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mdogo wangu, huko hospitali nani aliniuliza watoto wangu nimewaachia nani?"

Alikuwa amewaacha watatu, na mkubwa ana miaka tisa. Zaidi ya hayo, alikimbia Ituri mwaka 2018 na kuvuka Ziwa Albert akiwa na mimba, na mimba ile ilitoka. Usiku wodini, kila aliposikia mwanamke akilia kwa uchungu, yale yote yalirudi. Hakulala siku nne. Aliona aibu kusema.

Nilijuta kumgombeza. Tulikaa na jirani yake, mama mzee, akakubali kulala na watoto. Jioni ile ile dada alirudi hospitali. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto mdogo lakini mzima. Kilichomrudisha ni kuulizwa na kusikilizwa, maana elimu ya presha alishaipata tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: ushauri nasaha uwe sehemu ya matibabu ya kila mjamzito anayelazwa, kama kupima presha na damu. Tusingoje mpaka mama achanganyikiwe ndipo tumwite mshauri.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Anayelala hospitali wiki mbili au tatu kwa sababu ya presha, kutokwa damu au chupa kupasuka mapema ana mzigo zaidi: hofu ya kupoteza mtoto, nyumba aliyoiacha, na siku ya mgao inayopita.

Halafu kuna lugha. Wengi wetu tunasema Kiswahili, Kilendu, Kihema au Kialur. Muuguzi anasema Kinyoro na Kiingereza. Mara nyingine anayetafsiri ni mume, au mtoto wa shule. Mama atasemaje mbele ya mwanawe kwamba alibakwa njiani, au kwamba mume anampiga? Atasema "niko sawa", na muuguzi ataandika hivyo hivyo.

Wengine watasema hakuna wataalamu wa kutosha. Ni kweli ni wachache. Lakini kule Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wenye elimu ya sekondari kama mimi, walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuongea nao kwa utaratibu. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: mtoto alipofika miezi sita, mama waliobaki na sonona walikuwa chini ya nusu ya wale wa kundi la pili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafunzo hayo. Na sisi tunaweza kufundishwa.

Wengine watasema, "Sisi tumezoea shida, tunaomba Mungu." Maombi ni mazuri, nami naomba. Mshauri hakatazi maombi. Hatoi hukumu wala hasemi siri yako kwa jirani. Anakusikiliza na kukusaidia kupanga: watoto watakaa na nani, nani ataleta chakula, hofu ikija usiku ufanye nini.

Ninaomba mambo manne. Kwanza, mashirika yetu yatupe wakalimani wa kike waliofundishwa kutunza siri, na mshauri apite wodi ya wazazi kila wiki. Pili, sisi wahudumu tukimsindikiza mama kwenye ambulensi, tumuulize kabla hajaondoka: nani anabaki na watoto? Tatu, kina baba, nendeni mkamwone mkeo. Kukaa naye kidogo kila mnapoweza ni dawa. Nne, kina mama wazee na viongozi wa dini, tusiwaambie tu "jikaze".

Nawe mama unayesoma haya: ukikosa usingizi, ukilia bila kujua sababu, ukikosa hamu ya kula au ya kumfikiria mtoto kwa wiki mbili, mwambie mkunga au mhudumu wa kijiji chako. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Sema leo hii, hata usiku. Huo si wazimu wala laana. Ni ugonjwa, na unatibika.

Yule dada sasa anapita nyumba kwa nyumba akiwauliza wajawazito swali lile ambalo yeye hakuulizwa. Nasi tuulize.