Tusimcheke Mpiga Mbizi wa Nchi Kavu

Muhula uliopita, mwanafunzi mmoja katika shule ninayofundisha hapa Eldoret alijaza fomu ya kueleza kazi anayoitamani maishani. Aliandika kwamba angependa kusomea sayansi ya bahari, kupiga mbizi pamoja na wachunguzi wa vilindi, na hatimaye kwenda anga za juu. Fomu hiyo ilipofika katika chumba cha walimu ilizua kicheko. Mwenzetu mmoja alitukumbusha methali isemayo kuwa mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usuye. Mimi nami nilicheka. Kisha nikamwita binti yule, nikamshauri achague jambo moja, kwani mshika mbili moja humponyoka. Alinijibu kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu," akachukua kifutio akafuta.

Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Nilidhani mtoto yule ametaja mambo matatu yasiyohusiana, kumbe alikuwa ametaja jambo moja.

Hebu tuitazame sayansi yenyewe. Anayezama baharini huongezewa, kwa kila mita 10 anazoshuka, shinikizo linalokaribia lile la angahewa yote iliyo juu ya bahari. Naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta huyeyuka mwilini mwake, na akipanda juu kwa pupa hugeuka mapovu yanayoweza kumlemaza au kumwua. Mwanaanga anayetoka nje ya chombo, akiwa ndani ya vazi lenye shinikizo dogo, hukabiliwa na hatari iyo hiyo. Ndiyo maana huvuta kwanza oksijeni tupu ili kuiondoa naitrojeni mwilini. Aidha, wanaanga wa Marekani hujifunza kufanya kazi angani wakiwa wamezama katika bwawa kubwa mjini Houston, lenye kina cha mita 12. Nasi wakazi wa Eldoret, tulio mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, twaishi katika hewa ambayo shinikizo lake limepungua kwa takriban moja ya tano. Wanariadha wetu wamenufaika na hali hiyo. Mbona darasa la fizikia lisinufaike?

Yupo aliyeifuata njia hiyo hadi mwisho. Kathryn Sullivan alisomea jiolojia na kuichunguza sakafu ya Bahari ya Atlantiki kabla ya kuwa mwanaanga. Mnamo Oktoba 1984 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kutoka nje ya chombo na kuelea angani. Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 68, aliteremka kwa chombo cha vilindini hadi mahali penye kina kirefu kuliko pote katika Bahari ya Pasifiki, karibu mita 11,000. Hakuna aliyemwambia achague moja; au kama yupo, hakumsikiliza.

Msomaji atasema hayo ni ya Marekani. Basi na aje Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Huko, juu ya jukwaa la San Marco lililosimama majini, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Katika maji ya Ngomeni hiyo hiyo yamelala mabaki ya meli ya kale ya Wareno, ambayo Caesar Bita, mwanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ameyachunguza kwa kupiga mbizi. Bahari na anga zimekutana katika kijiji kimoja cha wavuvi!

Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka ule wa 1970 bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, ilhali roketi na elimu vilikuwa vya wageni. Ilitubidi kungoja hadi Aprili 15, 2023 ndipo Taifa-1, setilaiti iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya, iruke, nayo ilirushia California. Je, ni wangapi waliofutishwa fomu zao katika miaka hiyo yote?

Siipuuzi hofu ya mzazi. Aliyeuza ng'ombe ili alipe karo anataka kuona mshahara, si ndoto. Hata hivyo, kazi hii ina milango. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilicho hapa hapa petu, hufundisha sayansi ya uvuvi na viumbe wa majini. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi imekuwapo Mombasa tangu 1979, na Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017. Matumbawe ya pwani yetu yalipokufa kwa wingi mwaka 1998 kwa sababu ya joto la bahari, palihitajika mpiga mbizi wa kuyahesabu yaliyosalia na setilaiti ya kupima joto lenyewe. Anayezielewa kazi zote mbili hatakosa la kufanya.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi wa Gredi ya 9 achague mkondo wa masomo. Tumsaidie kuchagua, tusimpunguzie. Tumfundishe kuogelea, tumpeleke Ngomeni pindi nauli ipatikanapo, na tumwoneshe jinsi fizikia, biolojia na jiografia zinavyoshikana mikono. Nanyi wanafunzi, msiifiche fomu kwa kuogopa kicheko cha wakubwa.

Binti yule nimempa fomu mpya. Nimemwomba radhi, nikamwambia aandike yote.