Rubani ni Neno Letu, Hadithi Yake Iko Wapi?

Neno rubani halikuzaliwa na ndege. Kabla ya eropleni ya kwanza kuonekana katika anga ya Afrika Mashariki, rubani alikuwa mjuzi wa bahari, mtu aliyeviongoza vyombo kupita kwenye miamba hadi bandarini. Mwaka 1498 rubani wa aina hiyo alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India, na jina lake wanahistoria wanalibishania mpaka leo. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu lilipanda kutoka majini hadi angani bila kupoteza hata herufi moja. Lugha ilikuwa tayari. Fasihi yetu ndiyo iliyobaki chini.

Nayaandika haya nikiwa mkazi wa Soweto West, Kibera. Ng'ambo ya Barabara ya Lang'ata kuna Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambao majirani zangu huufikia kwa miguu wakienda kutafuta vibarua. Kutoka hapo madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, wamekuwa wakirukia sehemu zisizo na barabara. Kutoka hapo pia, kwa miaka mingi, miraa ilisafirishwa kwenda Mogadishu. Lakini ukiuliza Wilson alikuwa nani, wengi watadhani alikuwa mwanamume, gavana labda.

Alikuwa mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane wa kilowezi, alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, akiwa na rubani mmoja, Tom Campbell Black, na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Wakati huo Kibera ilikuwa tayari makazi ya askari Wanubi wa KAR. Kampuni ilikua ikabeba barua na abiria, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaimaliza. Uwanja ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Campbell Black naye alikuwa miongoni mwa waliomfunza urubani Beryl Markham, binti aliyelelewa Njoro, ambaye mnamo Septemba 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza akielekea magharibi, dhidi ya upepo, akaangukia katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, akiwa hai.

Nakiri kwamba simulizi hizi hunisisimua. Atakayeniambia kuwa ni simulizi za walowezi walioruka juu ya ardhi waliyowanyang'anya wenyeji, sina la kumbishia. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutoziacha mikononi mwa Kiingereza pekee. Katika tawasifu ya Markham ya mwaka 1942, *West with the Night*, yumo arap Ruta, aliyecheza naye utotoni akiitwa Kibii, akamtunzia farasi na hatimaye akaingia naye katika ulimwengu wa ndege. Tunamwona Ruta kwa jicho la mwajiri wake tu. Alipoigusa injini kwa mara ya kwanza aliiita nini? Aliporudi nyumbani aliwasimulia nini wazee? Swali kama hilo ni la mwandishi wa riwaya, na sioni lugha inayofaa zaidi kulijibu kuliko hii tunayoisomea shahada.

Wala hatuanzi bila kielelezo. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Shaaban Robert naye alituandikia wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyetangulia wengine katika sanaa yake. Kwa kipimo hicho hicho, Irene Koki Mutungi anastahili wasifu wa Kiswahili. Alianza kujifunza urubani papo hapo Wilson, akaajiriwa na Kenya Airways mwaka 1995 akiwa rubani wake wa kwanza wa kike, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa rubani mkuu wa Boeing 787. Mtoto wa Kibera anayetazama juu angefaa kuyasoma hayo kwa lugha anayoichezea.

Ipo pia tamthilia inayosubiri kalamu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari zake mwaka 1946, lilimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na mwaka 1960 lilikuwa tayari likirusha Comet, ndege ya jeti. Mwaka 1977 lilisambaratika pamoja na Jumuiya yenyewe, na mwaka huo huo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania. Mafundi na wahudumu waliozoea kufanya kazi bega kwa bega wakajikuta raia wa mashirika yanayoshindana. Baadhi yao wangali hai. Wamestaafu, na kumbukumbu zao ziko katika Kiswahili cha karakana na cha kaunta ya tiketi, msamiati ambao wanaleksikografia wetu wangeupokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nawapendekezea wahadhiri wetu kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi, wanapotumwa nyanjani, wasitumwe mashambani tu kukusanya ngano na methali. Kundi moja lipelekwe Wilson na vitongoji vinavyoizunguka, likiwa na vinasa sauti, likawasikilize wazee hao wangali wanakumbuka.